Mzee wa Chumvi wa Malisho ya Kanyosha

Bujumbura ina watu wengi wenye magari na wachache sana wenye farasi. Wachache hao wameungana katika klabu ndogo juu ya Kanyosha, pale nyumba zinapoanza kuyaachia nafasi mashamba ya mihogo. Klabu ina farasi saba, kamati moja, na kwa miaka mingi ilikuwa na mzee mmoja. Kamati nitaitaja panapolazimu. Mzee nitamweleza kwa kirefu, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyewahi kunifundisha kazi ambayo tayari nilikuwa na diploma yake, na kwa sababu nusura nimfukuzishe kazi hiyo.

Mimi ni mtu wa lishe ya mifugo. Diploma yangu imetundikwa sebuleni kwangu Gihosha, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, na mgeni akikaa kwenye kiti kikubwa lazima aione. Niliisomea Ubelgiji. Asubuhi nilizoa samadi kwenye mabanda ya farasi ya watu, jioni nikakaa darasani nikinuka samadi hiyo hiyo, na nikafaulu kuliko waliokuja wakinukia sabuni. Hakuna mjomba aliyenilipia. Niliporudi nikafungua duka la vyakula vya mifugo, na leo wafugaji kuanzia Mutanga Sud hadi Kanyosha wananijua kwa jina. Kwa hiyo kamati iliponiita niwashauri juu ya madini ya kuwapa farasi wanaokula malishoni, nilipanda kile kilima kama mtu anayekwenda kupokea haki yake.

Nilimkuta mzee getini, amevaa koti la mvua na jua linawaka, analamba kitu cheupe kwenye kiganja.

"Muzee, unakula nini?"

"Sikuli. Naonja."

"Unaonja nini?"

"Mboga ya farasi." Akaninyooshea kiganja. "Waliniambia mutu wa diplome anakuja. Onja na we. Ama diplome inakataza?"

Nikaonja. Kuanzia siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Aliniita Diplome, na sifichi kwamba nililipenda jina hilo.

Nadharia yake yote ya lishe ilikuwa sentensi mbili: "Majani ni bugali. Hii ni mboga." Mimi nilihitaji kurasa kadhaa kueleza jambo hilo hilo kwa kamati. Farasi anayeshinda malishoni hujaza tumbo, lakini nyasi za kilima kile zina chumvi kidogo, shaba kidogo, zinki kidogo. Mbaya zaidi, baadhi ya nyasi zetu za nchi za joto zina asidi inayoifunga chokaa, yaani kalisi, ndani ya jani lenyewe, hivyo farasi huimeza na kuitoa bila mifupa yake kufaidi. Ukimwongezea pumba za mchele na machicha ya bia, kama klabu ilivyokuwa ikifanya, unamletea fosforasi nyingi inayoizidi nguvu hata ile chokaa kidogo iliyobaki. Mzee hakujua neno fosforasi. Alijua tu kwamba pumba peke yake zinamfanya farasi "anenepe na kuchoka".

Mboga yake aliitengeneza mwenyewe. Ndani mlikuwa na chumvi ya mawe, unga wa maganda ya mayai, na vumbi linalobaki chini ya magunia ya ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwani. Maganda alipewa na wakaanga mayai wa mtaani kwake, akayakausha juu ya bati, akayatwanga kwenye kinu. Majirani waliposikia kinu kinalia na hawaoni sahani, walianza kusema mzee anafanya uganga. Hakukanusha. Alisema mutu akikuogopa kidogo, hakuamshi ukilala muchana.

Vumbi la ndagala ndilo lililomletea maneno. Bibi mmoja wa klabu, mwenye kofia nzuri ya kupandia na marashi makali, alilalamika mbele yangu kwamba farasi wake ananuka samaki mdomoni.

"Mama," mzee alimjibu kwa upole, "ye pia anasema we unanuka parfe. Lakini anavumilia."

Nilipoleta mchanganyiko wangu wa madini, wenye shaba, zinki, seleniamu na iodini kwa vipimo kamili, nilitarajia vita. Hakuna vita. Alichota, akaonja, akatema pembeni.

"Iko na chuma ndani."

"Ni shaba, muzee."

"Shaba na chuma ni watoto ya baba moja. Bon. Tuchanganye."

Akamwaga unga wangu juu ya chumvi yake na maganda yake, na vumbi la ndagala nikalipiga marufuku kwa sababu ya usafi. Aliniachia ushindi huo. Nilikuja kujua baadaye kwamba Ijumaa moja moja aliwapa kidogo, kama mtu anavyowaletea watoto peremende.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Mtu huyo aliyeitwa Mzee wa Chumvi na mtaa mzima alikuwa haruhusiwi kula chumvi. Alikuwa na tansiyo, damu yake inapanda, na binti yake aliyeishi naye alimpikia maharage yasiyo na ladha yoyote. Siku moja binti huyo alipanda hadi malishoni akamkuta na ulimi kiganjani.

"Baba, daktari alisema nini?"

"Alisema nisikule. Hakusema nisionje."

Binti alinitazama mimi, kana kwamba diploma yangu ingemsaidia. Haikumsaidia.

Aliishi na farasi maisha yake yote ya kazi na hakuwahi kumpanda hata mmoja. Nilimwuliza sababu. "Mi siko muzigo," alisema, na akaendelea kutengeneza ua wa malisho. Aliwabembeleza farasi kwa Kirundi, akawakaripia kwa Kiswahili, na daktari wa mifugo akija na sindano aliwasemesha Kifaransa, maana aliamini hiyo ndiyo lugha ya dawa. Adhuhuri alitandika mkeka wake pembeni mwa malisho akasali, na farasi mmoja mkubwa wa kijivu, jina lake Jenerali, alikuwa na tabia ya kuja kumlamba kisogo akiwa amesujudu. Mzee hakuharakisha. Alimaliza sala, akatoa salamu kulia na kushoto, akakunja mkeka, ndipo akamgeukia Jenerali na kumtukana kwa utaratibu, tusi moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa salamu za asubuhi. Sisi Warundi tunajulikana kwa salamu. Tunashikana mikono, tunashikana mabega, tunapapasana mgongo, tunauliza habari za kila aliye hai nyumbani, na biashara inangoja. Miaka yangu ya ugenini ilinitoa katika hali hiyo. Nilizoea kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani na kuendelea na safari. Mzee aliwasalimia farasi kwa desturi ya Kirundi hasa. Kila asubuhi alisimama getini na mkebe wake, akawaita mmoja mmoja, dhaifu kwanza na mwenye nguvu mwisho. Wa kwanza siku zote alikuwa Shokola, jike mzee wa rangi ya kahawia, na wa mwisho siku zote alikuwa Jenerali, ambaye alingoja huku amekunja masikio kwa hasira. Farasi alikula mboga kwenye kiganja cha kulia. Wakati huo mkono wa kushoto ulipita chini ya taya, ukapanda shavuni, ukashuka puani, ukarudi upande wa pili, na mzee anasema "amahoro, amahoro", yaani amani, na kuuliza habari. Farasi saba walimchukua karibu saa nzima.

Nilitazama mambo hayo kwa saa yangu ya mkononi. Nikaona ni adabu tu, nzuri kwa kuangalia, mbaya kwa kazi.

Basi nikatengeneza sanduku. Nilichora mwenyewe, nikasimamia fundi mwenyewe, na hata leo nasema lilikuwa sanduku zuri: hori la mbao ngumu juu ya nguzo katikati ya malisho, lenye paa la bati ili mvua isigeuze mchanganyiko wetu kuwa jiwe. Farasi angejiendea akitaka, akalamba kiasi cha mwili wake, akaondoka. Kule nilikosomea wanafanya hivyo. Nikalipeleka mbele ya kamati, nikalisifu, na kwa kulisifu nikasema kwamba kwa sanduku hili hakuna haja tena ya mtu kusimama getini kila asubuhi.

Nilikuwa nasifu mbao. Rais wa kamati, mama mmoja mwepesi wa kuamua mambo, ambaye sisi sote tulimwita Madamu, alisikia kitu kingine.

"Bon," alisema. "Basi mzee akapumzike. Masika yakiisha, aende nyumbani. Mpaka hapo atengeneze ua tu, chakula akiachie sanduku."

Hakuna aliyepinga. Mimi nilikuwa nimeshapigiwa makofi.

Mzee alinisubiri chini, kwenye maegesho.

"Nasikia sanduku yako itanirudisha nyumbani."

"Muzee, sikumaanisha hivyo."

"Najua. We ulikuwa unasifu kitu yako. Ni nzuri, hata mi ningeisifu." Alikuwa anafuta mkebe wake kwa pindo la koti. "Lakini sikia, Diplome. Mi nitatoka hapa siku moja, kila mutu anatoka. Ila nitatoka mwenyewe. Sitaki kutolewa na sanduku."

Nilimwahidi nitazungumza na Madamu. Sikuzungumza. Kila Jumamosi nilijiambia kwamba mtu wa umri ule anastahili kupumzika, na kila Jumamosi nilipanda na daftari langu, nikapima madini yaliyopungua ndani ya sanduku, nikaridhika. Yalipungua vizuri, kama kitabu kinavyosema. Mzee alikuwa mbali kwenye ua, akipiga misumari, na getini hapakuwa na mtu.

Masika yakakatika. Siku zake za mwisho kazini, mzee aliomba jambo moja tu: awasalimie farasi kabla ya kuondoka. Madamu akakubali, na ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo nami nilikuwapo.

Alisimama getini, akamwita Shokola. Jike akaja polepole, akaweka mdomo kiganjani. Mkono wa kushoto ukapita chini ya taya, na hapo ukasimama. Ukarudi ulikotoka. Ukapita tena. "Amahoro" ikaishia nusu.

"Diplome, leta mukono."

"Kuna nini?"

"Leta. Macho uache hapo, leta mukono."

Alivishika vidole vyangu akaviweka chini ya taya la Shokola. Mfupa wa pale kwa farasi mzima una ukingo, unausikia kama ukingo wa rula. Nilichokisikia kilikuwa kinene na cha mviringo, kama andazi. Nikashika upande wa pili. Vilevile.

"Wakati sanduku haijakuja, hii haikuwa," mzee alisema.

Ugonjwa huo naujua. Mwili ukikosa chokaa unaikopa kwenye mifupa ya uso, na mahali pa mfupa panajaa nyama ngumu isiyo na nguvu, taya linavimba, na mwisho farasi hawezi hata kutafuna. Katika mtihani wangu wa mwisho swali hilo lilitoka, na nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Nilichora kile kichwa cha farasi kwa penseli, mwalimu akakibandika ukutani. Na kwa masika mazima nilikuwa nimempita Shokola kila Jumamosi nina kalamu mkononi.

"Lakini madini yalikuwa yanaisha," nilisema. "Nilipima."

Mzee alielekeza kidevu malishoni. Jenerali alikuwa amesimama mbele ya sanduku, masikio nyuma, mguu mmoja umelegea, kama mwenye nyumba. Farasi wawili wenye nguvu walikuwa karibu naye. Wengine walikula nyasi upande wa pili wa kilima na hawakutazama hata huko, kwa jinsi walivyokwisha kuzoea kufukuzwa.

"Ile kubwa iko shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa," mzee alisema. "Sanduku ni biro yake, ofisi yake. We uliona mboga inaisha. Haukuuliza nani anamaliza."

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Alifuta kiganja kwenye koti. "Waliniambia chakula haiko kazi yangu tena. Na kutoka kwenye ua, farasi yote inaonekana muzima." Kisha akasema, bila kunitazama, "Na mi nilinuna, Diplome. Niliona Jenerali anasimama pale, nikasema, wacha. Nilinuna, na Shokola njo amelipa."

Nilimpigia simu daktari wa mifugo, akaja, akathibitisha. Pumba na machicha marufuku, chokaa kila siku mdomoni, na farasi ashikwe taya kila siku kujua kama uvimbe unasimama au unakwenda. Alipouliza ni nani angeweza kumfanyia kazi hiyo, sote watatu tulijua jibu, na sote tulijua pia kwamba Jumatatu iliyofuata mzee alitakiwa awe nyumbani kwake.

Nimesimama mbele ya watahini wazungu bila karatasi. Kesho yake, mbele ya kamati ya watu sita, kwenye viti vya plastiki, niliandika maneno yangu kwanza ndipo nikayasoma. Nilisema sanduku ni langu na kosa ni langu. Nilisema zile salamu zilikuwa uchunguzi wa afya unaofanywa kila asubuhi, na kwamba mimi niliyelipwa kuona sikuona.

"Basi weka masanduku mawili," alisema Madamu. "Jenerali hawezi kukaa kwenye mawili."

"Atakaa kwenye moja, na wenzake wawili kwenye la pili. Na hata ukiweka saba, Madamu, sanduku halina vidole. Halitatuambia kitu."

"Kwa hiyo unataka mzee abaki mpaka lini?"

"Mpaka aseme mwenyewe."

Hakupenda. Kamati hazipendi tarehe isiyojulikana. Lakini Shokola ndiye farasi aliyewafundisha watoto watatu wa Madamu kukaa kwenye tandiko, na Madamu mwenyewe alikuwa ameshika lile taya asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu nilimlazimisha alishike. Akatazama mikono yake, akasema, "Bon. Abaki."

Sanduku nililing'oa mwenyewe. Sasa ni banda la kuku nyumbani kwangu, na sijaona banda la kuku bora kuliko hilo Gihosha nzima. Taya la Shokola halikurudi lilivyokuwa. Uvimbe ulisimama, ukapungua kidogo, ukabaki. Anakula, anatembea, hachechemei. Mzee alirudi getini na mkebe wake, na mimi nikaanza kufika Jumamosi mapema zaidi, bila daftari. Alinifundisha kuweka kidole gumba wapi. Alinichapa kwenye mkono nilipokwenda haraka. Alisema nawasalimia farasi kama mutu anayetafuta funguo mufukoni. Na alifurahi kuwaambia watu, mbele yangu, kwamba Diplome amerudi masomoni.

Hivyo ikapita miaka kadhaa.

Mwaka huu, masika yalipokuwa yanaisha, nilipanda Jumamosi moja nikamkuta ameketi getini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkebe ulikuwa umejaa kati ya miguu yake. Farasi walikuwa wamejipanga upande wa pili, Shokola mbele, na hakuna aliyekuwa amepewa chochote.

"Muzee, unaumwa?"

"Apana. Vidole." Alivifungua na kuvifunga. "Vimeanza kusinzia. Jana nilishika Shokola mara tatu, sikujua nashika mufupa ama nashika hewa. Kuja, fanya we. Mi nitasikiliza."

Nikachukua mkebe. Nilimsalimia Shokola, na mzee akauliza kutoka kwenye ndoo: kushoto vipi, kulia vipi, ukingo unausikia wapi, unaishia wapi. Nikajibu. "Rudia, ulikimbia," alisema, na nikarudia. Tulikwenda hivyo farasi kwa farasi. Nilipommaliza wa sita, gari la Madamu liliingia. Akashuka amevaa buti zake za kupandia, akatusalimu, na mzee akasimama kwa kushika nguzo ya geti.

"Madamu, mi natoka leo."

Alishtuka. "Nani amekuambia utoke?"

"Hakuna mutu. Njo maana natoka."

Madamu alinitazama mimi, akidhani nina habari. Sikuwa nayo. Akauliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Na farasi nani atawasalimia?"

Mzee alinielekezea kidevu. "Huyu amekwisha kujua kidogo."

Akafunga vifungo vya koti lake la mvua, vyote, taratibu, maana vidole havikumsaidia. Madamu alitaka kumrudisha kwa gari, mzee akakataa. Alinipa mkono, akanishika bega, akanipapasa mgongo, akaniuliza habari za mke wangu, za watoto, za duka, za kuku, na safari hii sikutazama saa. Kisha akashika njia ya kushuka.

Kwetu mtu haachwi aende hivi hivi. Unamsindikiza, walau hadi kwenye kona. Nikaweka mkebe chini nimfuate. Alisikia bati likigonga jiwe, akasema bila kugeuka:

"Usinisindikize. Moja bado."

Jenerali alikuwa amebaki peke yake getini, masikio nyuma, anangoja. Nikaokota mkebe. Nilijaza kiganja cha kulia nikamnyooshea, na mkono wa kushoto nikaupitisha chini ya taya, polepole, kuanzia kidevuni, huku koti la mvua likishuka kilima na kupotea nyuma ya mihogo.